Tusiifanye "Inshaallah" kuwa "hapana"



Ndugu msomaji, safari hii nakuandikia kutoka Sekenke, mkoani Singida. Wengi wenu mnalijua jina hili kupitia dirisha la basi. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ukishaipita Singida mjini na Misigiri, barabara inaanza kuteremka kwa kona kuelekea Shelui, na mbele yako unaiona mbuga ya Wembere imetandaa. Abiria wanauita Mlima Sekenke, na wanaoukumbuka kabla ya lami watakusimulia walivyokuwa wakiushuka huku midomo inatamka shahada. Huku ndiko yaliko machimbo ya dhahabu ambayo Wajerumani walianza kuyachimba mwaka 1909, na ambayo baada ya wakubwa kuondoka yamebaki kuwa riziki ya wachimbaji wadogo. Mimi kazi yangu si dhahabu. Ni mwalimu, mchana nafundisha Maarifa ya Uislamu shuleni na jioni nakaa na watoto wa madrasa.

Kuna mama anauza chakula karibu na makarasha, pale mawe yanaposagwa. Ni Mkristo. Wateja wake wengi wanakula kwa daftari, kwa sababu mchimbaji hana mshahara. Anakula leo na kulipa siku duara litakapotema. Siku moja nilimkuta anajumlisha madeni, nikamtania kwamba mwaka huu bila shaka atajenga. Akacheka. Akaniambia: "Mwalimu, hawa walioandikwa humu ni wa namna mbili. Mtu akiniambia nitakulipa Jumamosi, namsubiri. Akiniambia inshaallah, najua sina changu."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mkulima anavyokwambia kuwa mawingu ya upande fulani hayaleti mvua. Nilikuwa nimevaa kofia yangu, na bila shaka uso wangu ulibadilika, maana mara moja aliongeza, "Lakini si wote, mwalimu, si wote," akanikaribisha chai ambayo hakuiandika popote. Nimeifikiria chai ile kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Mama yule alikuwa ameniambia ukweli unaouma, na alipoona umeniuma akatafuta namna ya kunisitiri. Sisi tuliofundishwa sitara tumemfundisha yeye kwamba neno la Allah maana yake ni "hapana".

Turudi kwenye asili ya neno lenyewe. Katika Suratul Kahf (18:23-24) Mtume (s.a.w.) anakatazwa kusema kuhusu jambo lolote kwamba atalifanya kesho pasipo kulifungamanisha na kutaka kwake Allah. Wafasiri wanaeleza kuwa Maquraishi walimuuliza maswali, akawaahidi kuwajibu siku inayofuata bila kusema inshaallah, na wahyi ukachelewa kumjia. Kwa hiyo neno hili lilikuja kuitia ahadi uzito. Anayelisema anakiri kwamba ameazimia, amejiandaa, na kilichobaki ni kile kisichokuwa mikononi mwake. Leo kwetu limegeuka. Anayelisema mara nyingi ndiye ambaye hajaazimia kitu. Amelitafuta neno la kumtoa mlangoni bila kugombana na mtu, akaliona lipo, ni zuri, na hakuna awezaye kulipinga.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana mtu ukikaa Sekenke huwezi kuikwepa dhahabu. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa hawakuwa tena na njia ya kuleta fedha kutoka kwao. Wakaichukua dhahabu ya huku Sekenke na kutengeneza sarafu mjini Tabora, rupia 15 kila moja, upande mmoja ikiwa na picha ya tembo. Aliyeipokea hakuwa na haja ya kumwamini Mjerumani, maana ndani mlikuwa na dhahabu. Ingekuwa ni shaba iliyopakwa rangi, tembo asingeisaidia kitu baada ya wiki ya kwanza, na hata zile chache za kweli zingeanza kukataliwa sokoni. Ndivyo ilivyo katika daftari la yule mama. Yuko Muislamu mmoja au wawili ambao wakisema inshaallah wanamaanisha, na hao nao wamekwisha wekwa kwenye fungu la wasiolipa.

Sasa tujiulize, kwa nini tunafanya hivi? Sidhani kwamba wengi wetu ni waongo wa makusudi. Tunafanya kwa haya. Katika malezi yetu kumwambia mtu "hapana" usoni ni kama kumpiga. Mgeni akikukuta unakula unamkaribisha, hata kama sufuria limekauka, na yeye anajibu "nimeshiba" hata kama hajala tangu jana. Mtu akikuomba kitu unasema "tutaona". Akikupigia simu akakuuliza umefika wapi, unamwambia uko Magomeni, kumbe bado unatafuta kiatu kimoja Gongo la Mboto. Tunaita ustaarabu. Na kwa kiasi kikubwa ni ustaarabu kweli. Sitaki msomaji adhani nimekuja kuubeza. Haya ni katika imani, Mtume (s.a.w.) amesema hivyo, na jamii ambayo watu wanastahiana ni bora mara elfu kuliko ile ambayo kila mtu anajifakharisha kwa ulimi wake mkali.

Lakini Mtume (s.a.w.) alikuwa makini hata na hizi adabu ndogo ndogo. Ibn Majah amepokea kutoka kwa Asma bint Yazid (r.a.) kwamba ililetwa chakula mbele ya Mtume (s.a.w.), wakakaribishwa wanawake waliokuwepo, wakasema hawana hamu. Akawaambia wasikusanye njaa na uongo pamoja. Na Abu Daud amepokea kwa Abdallah bin Amir (r.a.) kwamba mama yake alimwita akiwa mtoto, njoo nikupe kitu, Mtume (s.a.w.) akamuuliza mama alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akamweleza kuwa kama asingekusudia kumpa chochote, angeandikiwa uongo. Mtoto mdogo! Ahadi ya tende! Sisi tunaahidi laki mbili mbele ya kamati.

Na hapa niwaseme kidogo ndugu zangu wa mjini. Chukua michango ya harusi. Kadi inaletwa, au siku hizi unajikuta umeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi kabla hujanawa uso, na unatakiwa uandike ahadi yako. Unatazama waliotangulia: laki, laki na nusu, mbili. Mfukoni unajua kuna kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Kuandika elfu ishirini unaona haya, kukaa kimya unaona haya zaidi, basi unaandika laki moja inshaallah. Kamati inaihesabu laki ile, inaweka oda ya vyakula, inalipia ukumbi malipo ya awali. Wiki ya mwisho inatolewa orodha, jina, ahadi, kilicholipwa, na mbele ya jina lako limekaa neno "bado" limekolezwa wino. Umeumbuliwa mbele ya watu mia mbili. Unakasirika, na una haki ya kukasirika, kwa sababu kumfedhehesha mtu hadharani kwa mchango wa pilau ni jambo baya. Lakini lile "bado" lilianza siku ile ulipojistahi wewe mwenyewe kwa fedha usiyokuwa nayo.

Nadhani fundo liko hapo. Ninaposema neno la kulainisha, ni uso wa nani ninaoulinda? Yule mama wa daftari hakulindwa na inshaallah ya mteja wake. Aliyelindwa ni mteja, aliyetaka kula, aondoke, na bado aonekane mtu mwema. Ustaarabu wa namna hiyo gharama yake inalipwa na mwingine. Ama chai aliyonipa mimi, gharama yake aliilipa mwenyewe.

Najua wako watakaoruka hapa na kusema: sawa kabisa, ndiyo maana mimi nasema ukweli usoni, apendaye apende, asiyependa shauri yake. Ndugu hawa tunao tele, na mitandao imewaongezea vipaza sauti. Kwa bahati mbaya naweza kuwazungumzia vizuri, kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao.

Nilipokuja huku nilikuwa nimetoka chuo kikuu, digrii bado ina harufu ya wino. Jioni moja aliyetuswalisha Magharibi alikuwa mzee mmoja wa hapa, mtu aliyeishikilia swala ya jamaa kijijini wakati ambapo hapakuwa na mwalimu wala paa zima la msikiti. Akakosea herufi katika Suratul Fatiha, tena pahala panapogeuza maana. Alipotoa salamu tu nikasimama. Sikumtukana. Nilisema kwa adabu zote za darasani, nikataja herufi, nikataja makharija yake, nikaeleza hukumu ya swala ya anayeikosea, nikamwambia mzee wangu, inabidi ujifunze. Watu wakanyamaza. Mzee akaniambia, "Ahsante mwalimu." Basi. Sikumwona msikitini wiki ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu.

Nilikwenda kwake. Alinikaribisha vizuri, tukanywa uji, tukazungumza mvua, tukazungumza ng'ombe, tukazungumza bei ya alizeti. Kila nilipokaribia jambo lenyewe alinihamishia kwenye alizeti. Wakati natoka, mkewe alinisindikiza hadi kwenye uzio akaniambia taratibu: "Mwanangu, mzee hakukasirika kwa kusahihishwa. Wajukuu zake walikuwepo."

Sikuwa nimewaona. Wavulana wawili walikuwa safu ya nyuma, na mimi niliyesoma miaka minne namna ya kufundisha dini sikuwa nimegeuza shingo kuona nani anasikiliza.

Sisemi ningenyamaza. Fatiha ni nguzo ya swala, na anayeona kosa akalimeza kwa kuogopa kuonekana mjuaji anawadhulumu wote walio nyuma ya imamu. Lakini tunaambiwa nini na Sunna? Yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), kisa kimo ndani ya Bukhari na Muslim, maswahaba walitaka kumrukia. Mtume (s.a.w.) akawazuia wamwache amalize, akaagiza ndoo ya maji, akamweleza kwa upole kuwa nyumba hizi ni za kumtaja Allah. Na Muawiya bin al-Hakam (r.a.), kama alivyopokea Muslim, alisema ndani ya swala kumwombea rehma aliyepiga chafya. Watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja kumnyamazisha, yeye akazidi kuuliza mnanitazamia nini. Baada ya swala alitarajia moto. Akasimulia mwenyewe kuwa hajapata kumwona mwalimu bora kuliko Mtume (s.a.w.): hakumkemea, hakumpiga, hakumtusi, alimweleza tu kuwa swala haifai maneno ya watu. Tazama, hukumu aliyoisikia Muawiya na hukumu niliyoitoa mimi zote zilikuwa sahihi. Muawiya akaondoka akimpenda mwalimu wake. Mzee wangu akaondoka, basi.

Na palipokuwa na kosa la kuonywa mbele ya watu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akisimama na kuuliza wana nini watu wanaofanya hivi na hivi, bila kutaja jina. Mkosaji anajijua, jirani yake hajui, somo limefika kwa wote. Hata Musa na Harun (a.s.) walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa kumwambia neno laini (20:44). Nani katika sisi amekutana na mtu mbaya kuliko Firauni? Na nani ni bora kuliko Musa?

Kwa hiyo tumebaki na watu wawili, mmoja anadanganya asimuudhi mtu, mwingine anasema kweli na kumuudhi kila mtu. Niwaonyeshe wa tatu, na huyu nitamtoa barabarani. Pale mlimani lori lenye mzigo linapanda polepole, na nyuma yake basi limebanwa, dereva haoni kona ya mbele. Dereva wa lori akiwasha taa ya kulia, anamwambia mwenzake: usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anamwambia: pita. Hawajuani na hawatajuana. Sijasikia dereva wa basi aliyechukia kwa sababu aliwashiwa ya kulia. Akifika juu anampigia honi ya kumshukuru. Sasa mfikirie dereva wa lori mwenye haya zetu, aone vibaya kumkatalia mwenzake, amuwashie ya kushoto huku fuso inateremka.

Qur'an imetufundisha taa ya kulia. Katika Suratul Israa, baada ya kuamrishwa kuwapa jamaa, masikini na msafiri, inakuja aya (17:28) inayomhusu mtu ambaye hana cha kutoa, naye bado anaitarajia rehma ya Mola wake. Hakuambiwa aahidi wala aseme njoo kesho. Ameambiwa awaambie neno jepesi, neno lisilowatwisha mzigo juu ya mzigo walio nao. Yaani kukataa kwenyewe kumewekewa adabu. Na upande wa pili, Suratun Nur (24:28) inamfundisha yule anayekataliwa: ukibisha hodi ukaambiwa rudi, basi rudi, na hilo ni safi zaidi kwako. Aya hii kwetu haifanyi kazi kabisa. Mtu akiambiwa "leo sina nafasi ya wageni" atalisimulia miaka kumi, mpaka kwenye msiba wa mwenye nyumba. Tunawalazimisha watu watudanganye, kisha tunalalamika kuwa watu ni waongo.

Wako watakaouliza juu ya hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.), kwamba si muongo anayesuluhisha baina ya watu. Ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini itazame imeruhusu nini: neno la kuwapatanisha wawili, si neno la kumwepuka anayekudai. Na Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin ameweka wazi kuwa lengo jema likiweza kufikiwa pasipo uongo, basi uongo ni haramu. Mara nyingi linafikiwa. Kiswahili chetu hakina uhaba wa maneno laini ya kweli.

Ijumaa moja nilipewa dakika chache baada ya swala. Sikutaja daftari, sikutaja makarasha, sikumtaja mama. Niliuliza tu wana nini watu wanaolitumia jina la Allah kumkimbia anayewadai. Nikakaa. Siku chache baadaye mama akaniambia kuna kijana alikwenda kwake akakaa kwenye benchi bila kuagiza chakula. Akamwambia: "Mama, Jumamosi sina, na Jumamosi ijayo sina. Duara halijatema. Nikipata nitakuletea kabla sijanunua kitu kingine, lakini usinipigie hesabu." Nikamuuliza mama alimjibu nini. "Nilimpunguzia," akasema. "Badala ya ugali nyama, nikamwandikia ugali maharage." Alikuwa anacheka. Kijana yule alimlipa mwezi uliofuata, nusu. Nusu nyingine bado imo kwenye daftari, lakini nimeambiwa imehamishiwa ukurasa wa mbele.

Ama mzee wangu, ilichukua muda. Nilianzisha kikao cha kusahihishana Qur'an baada ya Isha, watu wazima tu, bila watoto. Siku ya kwanza nilisoma mimi, nikamwomba ustadhi mgeni aliyekuwa akipita anirekebishe mbele ya wote, naye hakunionea huruma. Usiku wa nne mzee akaja, akakaa karibu na mlango. Baada ya wiki mbili akasoma. Ile herufi aliitamka vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa sekondari, na hakuna aliyesema neno.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Singida, nikamwendea nyumbani kumwomba atuswalishie Magharibi siku hizo mbili. Wajukuu zake walikuwa wanacheza uani. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Hapana mwalimu. Goti haliniruhusu kutangulia mbele. Mtafute kijana."

Nikamwambia sawa baba, Allah akuponye. Sikumuuliza ni goti lipi.